Vidonge Tulivyochanganya Mimi na Mama Machozi

Kama unasoma haya kwa sababu umekuta uvimbe mwilini mwako, au kwa sababu daktari amekuambia kuna dawa mpya inayofanyiwa majaribio na anakuuliza kama utakubali, mimi sina elimu ya kukupa. Ni mama wa Alunguli tu, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, nauza mchele na mafuta ya mawese, na mume wangu anatengeneza pikipiki. Nimepita huko na nimetoka. Nimetoka bila titi la kushoto na bila kuelewa nusu ya mambo niliyofanyiwa, lakini nimetoka. Pale nisipoelewa nitakuambia sielewi, maana wengi walionieleza ugonjwa huu walijifanya wanajua, wakanizidishia wasiwasi.

Uvimbe niliukuta wakati wa kuvuna mpunga. Ulikuwa mdogo na hauumi, nikasema ni jipu, litaiva. Nikakaa nao kimya hadi mvua zikarudi. Titi si kidole cha kumwonyesha kila mtu. Hata mume wangu nilianza kumgeuzia mgongo kitandani. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha zaa, kwa hiyo niliona methali hiyo hainihusu. Ngozi ikaanza kukunjamana, kisha siku moja kitenge changu kikapata doa, na mume wangu, Baba Feza, akaliona.

"Mama Feza, hii njo nini?" akauliza. Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Jipu."

"Jipu gani hii haiishe?"

 Asubuhi alinipandisha kwenye pikipiki ya mteja wake hadi kivukoni, tukavuka mto kwa mtumbwi kwenda hospitali ya serikali upande wa mjini. Hakuniuliza kama nataka.

Korido ya hospitali ile utaijua ukifika. Ina benchi refu lililong'aa kwa makalio ya watu, na kila mtu amekuja na kitenge chake cha kujifunika, maji yake ya kunywa na mtu wake wa kumsindikiza. Hakuna anayesema anaumwa nini. Unaangalia kwa kuibia nani kavimba mkono, nani kakonda, na unajua nao wanakuangalia wewe. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Machozi, mke wa mchimba dhahabu kutoka Kama, huko Pangi. Mume wake alikuwa amemleta kwa pikipiki katika tope la njia yote ile, akamwacha kwa dada yake mjini na kurudi kwenye mashimo. Binti yao wa kwanza alizaliwa katikati ya matanga ndipo akaitwa Machozi, lakini mama mwenyewe alikuwa mcheshi kupindukia. Alikuwa anatafuna karanga za kukaanga, akanijazia kiganja kabla hata hatujasalimiana.

"Kula," akasema. "Humu ndani wanatukata tu. Hawatukataze kula."

Sote wawili tuliambiwa ni kansa ya titi, tukapasuliwa karibu wakati mmoja, yeye kwanza, mimi baadaye. Sitaeleza upasuaji. Nitasema tu kwamba nilipoamka nilipeleka mkono kushoto nikakuta bandeji imelala bapa, na nikaona aibu mbele ya mume wangu, aibu kweli, utafikiri nimepoteza kitu chake. Baba Feza aliangalia ukutani. Halafu akaniuliza kama nina njaa.

Jeraha lilipoanza kukauka, daktari alituita pamoja, watu kadhaa wa korido. Alikuwa kijana aliyetoka Kinshasa, mwenye Kiswahili cha kupapasa, lakini alikuwa na subira. Alisema sote tutapewa yale maji ya mshipani ambayo wagonjwa wa kansa hupewa. Hayo hayana mjadala. Ila kuna vidonge vipya vya kumeza kila asubuhi juu ya maji hayo, na madaktari wa nchi nyingi wanataka kujua kama vinasaidia. Ukikubali, utapewa chupa. Katika chupa nyingine mna dawa. Katika nyingine mna vidonge vya rangi ileile na ukubwa uleule, lakini ndani yake hamna kitu.



"Docta," Mama Machozi akauliza, "nani atajua yake iko na dawa ao iko ya bule?"

"Hakuna. Mashini njo inachagula, kule mbali."

"Na weye?"

"Hata miye sijue."

"Docta, weye mwenyewe haujue dawa unatupatia?"

"Sijue, mama. Ni makusudi."

"Makusudi," akarudia polepole, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia miguu yangu. Maishani mwangu nilikwisha ona wauza dawa wasiojua wanachouza, lakini hakuna hata mmoja aliyekiri.

Nyumbani wakubwa wa ukoo wa mume wangu wakaja kuzungumzia jambo hilo. Niliwapikia wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, wakala, kisha nikakaa nyuma ya pazia niwasikilize wakinijadili. Kwetu ndivyo ilivyo: mgonjwa hakati shauri lake, anakatiwa. Watu wa mbali huona hiyo ni kuonewa. Mimi nakuambia ni pumziko. Mwili unauma, kichwa kinazunguka, na kuna watu wenye nguvu wanaokubebea mzigo wa kusema ndiyo au hapana. Wakasema hapana. "Dawa wajaribie kuku kwanza," alisema mmoja wao, na wengine wakaitikia. 

Tulipopeleka jibu, daktari alisikiliza kwa heshima yote. Halafu akamwomba mume wangu atoke nje. Akasema neno la familia amelisikia, lakini mwenye kukubali au kukataa ni mimi peke yangu, na nikikataa nitatibiwa vilevile bila kinyongo. Mlango ukafungwa. Sijawahi kujiona mpweke namna ile. Kila mara nilipouliza "Weye unaona nifanye nini?" alijibu kwamba hawezi kunichagulia. Nilikasirika. Nikafikiri, basi kazi yako ni nini? Lakini nilikuwa naogopa kufa kuliko nilivyoogopa wakubwa wa ukoo, na mfa maji haachi kutapatapa. Nikatia sahihi.

Baba Feza hakusema nami njia yote ya mtumbwi, wala jioni ile, wala kesho yake. Mama Machozi naye alikubali, bila kumwuliza mume wake, kwa sababu huko mashimoni simu haikushika.

Maji ya mshipani yalikuwa mekundu kama mchuzi wa mawese. Baada ya kuwekewa mara ya kwanza nilitapika hadi nyongo. Baada ya mara ya pili nywele zilibaki mkononi nilipofungua kilemba. Kucha zikawa nyeusi, mdomo ukapata vidonda, maji ya kunywa yakawa na ladha ya chuma. Harufu ya mawese, ambayo ndiyo biashara yangu, sikuweza kuivumilia tena, na binti yangu Feza akawa anauza mahali pangu. Siku ile ya nywele Baba Feza alinikuta nyuma ya nyumba nimejiinamia. Alileta wembe na sabuni, akaninyoa kichwa chote taratibu, akapitisha kiganja chake utosini. "Uko na kichwa kizuri," akasema. "Miaka yote umenifichia." Hapo ndipo tulipoanza kusemezana tena.

Na kila asubuhi, kidonge. Nilikishika kiganjani nikakiangalia. Nikakiambia, wewe ni dawa au ni unga? Siku nilipoamka na nguvu nilisema ni dawa. Siku nilipoamka nikiwa hoi nilisema ni unga, na siku nyingine niliona kinyume chake, kwamba dawa kali ndiyo inayolaza mtu. Mama Machozi naye alikuwa hivyohivyo. Tulikuwa tukikutana kwenye benchi tunapekuana.

"Weye unasikia nini?" nilimwuliza.

"Miguu inawaka moto. Na weye?"

"Miye sisikii kitu. Yangu njo ya bule."

"Ao yangu njo inaniua."

Sasa lazima nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo utatuona wajinga. Vita vilipofika Kindu nilikuwa msichana. Tulikimbilia msituni upande wa Kibombo, karibu na kijiji cha Tunda, kwa ndugu za mama, tukapiga kambi huko. Malaria ilitumaliza kuliko risasi. Wachuuzi walikuja kwa baiskeli na vidonge vya kwinini, tukabadilishana navyo kwa mpunga na kuku. Vingine vilikuwa dawa kweli. Vingine vilikuwa chaki. Huwezi kuvitofautisha kwa macho, na familia iliyoangukia mchuuzi wa chaki ilizika. Basi akina mama wakaweka sheria: vidonge vyote vinavyoingia kambini vinamwagwa katika sufuria moja, vinachanganywa kwa mkono, kisha kila mwenye homa anagawiwa kutoka humo. Hivyo hakuna anayekula chaki tupu. Kila mtu anapata dawa kidogo na chaki kidogo. Mimi nilipona homa kali kwa vidonge vya sufuria ile.

Nilimsimulia Mama Machozi habari hiyo tukisubiri kuitwa. Hata sikumaliza.

"Ku Pangi tulifanya vile vile," akasema. Akasimama. "Leta chupa yako."

Siku ile tulikuwa tumepewa chupa mpya. Tukaenda nyuma, kwenye jiko la wasindikizaji wanaopikia wagonjwa wao, akaazima sinia la kupembulia mchele. Yeye ndiye aliyemimina kwanza. Chupa nzima, bila kusita. Nikamimina yangu juu yake. Akavichanganya kwa vidole, kisha tukagawana: hiki chako, hiki changu, hiki chako, hiki changu, mpaka sinia likawa tupu. Nakumbuka nilivyopumua. Tangu kuugua sikuwa nimepumua hivyo. Kama katika chupa zile mbili kulikuwa na dawa, sasa ilikuwa ndani ya sote wawili.

Tulifanya hivyo kila tulipopewa chupa, msimu mzima wa mvua. Wala hatukujificha, hatukujua kuna la kuficha. Mpaka siku ile Mama Machozi alipomhurumia mama mmoja mgeni aliyekuwa akilia kwenye benchi kwamba chupa yake hakika ni ya bure. Akaanza kumfundisha. "Usilie. Utatafuta mwenzako, mutachanganya mu sinia, kila mutu atapata." Mama Bernadeta, muuguzi wetu, alikuwa anapita na mikono imejaa vifaa. Akasimama.

"Mutachanganya nini?"

"Vinini," yaani vidonge, akasema Mama Machozi kwa uso usio na hila kabisa. "Miye na Mama Feza njo tunafanya."

Tukaitwa kwa daktari. Nilitegemea atafoka. Alitusikiliza, msitu, chaki, sufuria na sinia, na katikati ya maelezo akacheka kidogo, halafu akaziba uso kwa mikono yote miwili na kukaa hivyo. Alipoiondoa macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ameelewa tulichofanya. Akasema laiti angetuuliza mapema sisi tulitibiwaje wakati wa vita. Lakini sasa hakuna awezaye kujua dawa ile imetufanya nini, kwa sababu hakuna ajuaye nani kameza ipi. Tena ni hatari: daktari hupima dawa kwa mwili wa mtu mmoja, na cha mwenzako kinaweza kukudhuru.

"Lakini Docta," nikasema, "na weye ulisema haujue nani anameza ipi."

 Alijaribu tena kueleza tofauti ya kutojua kwake na kutojua kwetu. Niliitikia kwa kichwa kwa adabu. Nakuambia kweli, mpaka sasa naishika tofauti hiyo kwa dakika moja, halafu inaniponyoka.

Vidonge vilisimamishwa kwetu sote wawili. Ndivyo walivyoagiza wakubwa wake. Maji mekundu yakaendelea. Kama uko mahali nilipokuwa, chukua hili kutoka kwangu: dawa uliyopewa imeze wewe peke yako, na ukiona jambo la kufanya, hata lionekane la huruma namna gani, mwambie kwanza anayekutibu. Na ukiulizwa kama umeelewa, usiitikie kwa kichwa tu. Sema hapana. Irudie kadiri utakavyo.

Kiangazi kilipokuja maji ya mshipani yaliisha. Nywele zangu zikaota laini, nikawa napapasa kichwa kila saa. Siku moja nikasikia harufu ya mawese ikaniletea njaa badala ya kichefuchefu, nikakaa chini nikalia kwa furaha, na Feza akadhani nimezidiwa. Picha walizonipiga mwilini zilikuwa safi, hazikuonyesha ugonjwa. Daktari akasema nirudi kila baada ya miezi kadhaa kuangaliwa.

Mama Machozi alianza kulalamika mgongo. Akasema ni godoro la dada yake. Kisha akashindwa kukaa kwenye lile benchi, akawa anasubiri amelala chini kwenye kitenge, bado anatafuna karanga zake, bado anawatania wauguzi. Ugonjwa ulikuwa umeingia mifupani. Mume wake akaja kumchukua. Papa Machozi alikuwa mtu mrefu mkimya, ana vumbi jekundu kwenye mistari ya viganja ambalo halitoki kwa kunawa. Alimbeba mkewe mgongoni hadi kwenye pikipiki. Mama Machozi akanipungia mkono juu ya bega lake. "Mama Feza, tutaonana," akasema, na mimi nikaitikia. Alifariki kwao Kama, mvua zilipoanza, na njia ikiwa imeharibika sikuweza kwenda kumzika.

Nilichanganyikiwa kuliko nilivyokuwa nikiumwa. Benchi lile lile. Maji yale yale. Vidonge tuligawana kama ndugu. Kwa nini mimi? Niliwauliza mchungaji, mume wangu na daktari. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu, mume wangu alisema nisijiulize, na daktari alisema hajui. Kati yao watatu daktari ndiye ambaye hakunikera sana.

Mwaka ulipita na zaidi. Nilipokwenda kuangaliwa, daktari akanikalisha na kusema utafiti umekwisha, chupa zote sasa zinajulikana. Nina haki ya kujua yangu, na nina haki ya kutojua.  Kisha nikamwambia aseme.

"Yako ilikuwa ya bule."

"Na ya Mama Machozi?"

Akasema hiyo si yangu ya kuambiwa, ni ya mume wake, na mume wake amekwisha pigiwa simu. Nikamwuliza kama dawa ile iliwasaidia watu. Akasema wengine kidogo, wengine hapana, madaktari bado wanabishana. Nikamwuliza kama ilinisaidia mimi. Akafungua mikono yake mitupu.

Haikupita muda mrefu Papa Machozi akavuka mto akaja kwetu Alunguli. Alikuwa ameshuka Kindu kwa shughuli zake. Nilimwandalia wali na samaki, nikakaa naye mezani pamoja na Baba Feza. Mgeni hakugusa chakula.

"Docta aliniambia ya Mama Machozi ilikuwa dawa ya kweli," akasema. "Akasema tena kwamba mulichanganya. Nilitaka kusikia kwa kinywa yako. Njo vile?"

Baba Feza akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilielewa: sema hukumbuki, sema mlikuwa wagonjwa.  Huyu ni mtu aliyembeba mkewe mgongoni, na mimi niko mbele yake nimenenepa.

"Njo vile, papa," nikasema. "Yangu haikuwa na kitu. Yake njo ilikuwa dawa, na nusu nilimeza miye. Yeye njo alimimina kwanza."

Alinitazama kwa muda mrefu. Alianza kwenye uso, akashuka hadi upande wa kushoto ambako gauni linalala bapa, akarudi usoni. Sikuthubutu kuangalia pembeni.

"Basi haikupotea yote," akasema.

Akaomba maji ya kunawa. Alikula wali wote na samaki, akaomba mchuzi tena, nami nikamwongezea. Alipomaliza alishukuru, akaagana na Baba Feza, akaenda kuwahi mtumbwi. Mpaka leo sijui kama alinisamehe, au alikuwa na njaa tu ya safari.